Kupaka gitaa ya umeme rangi: ku nyumba ao ku garaji?

Kila siku ya yenga asubui, ukipita mu avenyu za Ruashi, hautatembea mingi mbele ya kusikia gitaa ya umeme. Kanisa moja inapiga, yenye kufuata inajibu. Ampli zingine zinakwaruza, lakini solo inafika mupaka ku barabara. Ukiingia sasa ndani na kuangalia gitaa yenyewe karibu, utaona kitu kingine: rangi imekwanguka pembeni, verni imepasuka, na fasi yenye mukono wa mupigaji unalala imebakia muti tupu. Magitaa mingi ya hapa kwetu inaingia ikiwa okazyo. Imekwisha kupita mu mikono ya watu wengine, na mu safari ndefu ya lori.

Njo maana ulizo hili linarudia mara kwa mara: je, mutu anaweza kupaka gitaa yake rangi yeye mwenyewe ku nyumba, ao anapaswa kuipeleka kwa fundi? Hapa Lubumbashi, wakati tunasema «fundi», mara mingi tunataka kusema fundi wa rangi ya gari, mule mu garaji. Fundi wa magitaa tu, mwenye anaishi na kazi ile, ni vigumu kumupata. Kinshasa iko na bwana moja mwenye watu wanamwita Socklo, mwenye anachonga magitaa kwa mukono tangu miaka mingi. Lakini Kinshasa haiko karibu na Ruashi.

Gitaa ya kwaya

Nitasema kwanza kosa yangu, juu musifikiri ninaandika kama mutu mwenye anajua kila kitu.

Kwaya yetu ilikuwa na gitaa moja tu ya umeme. Ilinunuliwa na michango. Hata wamama wenye wanauzisha makala walitoa kitu. Ilikuwa nyeusi, imekwanguka kila pembe. Pasaka ilikuwa inakaribia, mimi nikasema: nitaipaka nyeupe, tutaonekana muzuri. Nilinunua kopo moja ya glisero, ile ya kupaka milango, brosi moja na kipande cha emeri. Niliipaka mara tatu kwa siku moja, juu nilikuwa na haraka. Mvua za mwisho wa mwezi wa tatu zilikuwa bado zinanyesha.

Siku ya posho magaribi nilifikiri imekauka. Ukigusa na kidole, sawa. Ukitia ukucha, alama inabakia. Nilikuwa nimepaka pia ndani ya ule mufuko wenye shingo ya gitaa inaingia, bila kujua kama ni kosa. Shingo ikakataa kuingia. Nikaikaza na visi kwa nguvu, ikaingia, lakini ikiwa imeinama kidogo. Kamba zikapanda juu, mupigaji akaumia vidole. Wakati wa ibada, gitaa ilikuwa inalia *mmmmm* kila mara akitosha mukono ku kamba, na mukono wa shati yake nyeusi ulibandika ku rangi. Shati iliharibika. Alikuwa nayo moja tu ya namna ile.

Kisha juma mbili niliipeleka ku garaji moja (sitataja jina, kosa ilikuwa pia yangu). Hawakuniuliza ni rangi gani iko chini. Walipiga pistole rangi ya gari juu ya glisero yangu. Mbele hata nikunje mikono, rangi ikaanza kujikunja, ikawa kama ngozi ya juu ya maziwa yenye imechemuka. Kwaya ikaimba bila gitaa mupaka kipwa ikafika katikati. Kila posho ku repetisyo mama moja ananiuliza: «Gitaa yetu iko wapi?»

Yote yenye nitaeleza chini, nimejifunza kwa kurekebisha kosa hizo, na kwa kuketi kisha pale mafundi wa rangi wanafanya kazi.

Rangi inasaidia nini

Kazi ya kwanza ya rangi na verni ni kulinda muti. Jasho iko na chumvi, hewa ya mvua iko na maji. Muti tupu unakunywa vyote viwili, unavimba, unakauka, unapasuka. Kazi ya pili ni uzuri, na hiyo haiko aibu.

Watu mingi wanaogopa kama rangi itabadilisha sauti. Ku gitaa ya umeme yenye mwili wa muti muzima, sauti inatoka ku kamba zenye zinatetemeka juu ya mikro. Rangi ya mwili inabadilisha kidogo sana, mutu wa kawaida hawezi kuisikia. Lakini ku gitaa kavu, ile yenye tundu katikati kama yenye Mwenda Jean Bosco alikuwa anapiga wakati Hugh Tracey alimurekodi kule Jadotville (leo Likasi) mu mwaka 1952, ni tofauti kabisa. Pale ubao wa juu njo unaimba. Ukiuwekea rangi nzito ya mulango, umeuziba kinywa. Kama uko na gitaa kavu, basi hii makala haiko yake. Uiache na verni yake nyembamba.

Tena, kama mutu anakuambia kama rangi ya gari haifae ku gitaa, umujibu hivi. Leo Fender, mwenye alianza kuuzisha magitaa ya mwili wa muti muzima kule Fullerton, California, mu mwaka 1950, alikuwa anachukua rangi za magari. Kampuni ya DuPont ilikuwa inatengeneza rangi za magari zenye zinaitwa Duco na Lucite, na Fender ikazitumia. Rangi nyekundu yenye wapenda gitaa wanaita Fiesta Red ilitoka ku gari ya Ford Thunderbird ya 1956. Lake Placid Blue ilitoka ku Cadillac ya 1958. Kwa hiyo garaji na gitaa ni ndugu tangu zamani. Na upande wa ku nyumba, Eddie Van Halen, mupigaji wa Marekani, alipaka gitaa yake yeye mwenyewe na rangi ya baiskeli, akibandika skochi ili kupata mistari. Ile gitaa inajulikana dunia muzima. Haikukuwa kazi safi, lakini ilishika.

Na kuna kitu kingine chenye kinapaswa kutufurahisha. Wakati kampuni ya Gibson ilitosha gitaa zake za Flying V na Explorer mu mwaka 1958, muti wenye walitumia, wenye waliita korina, ulikuwa limba, muti wa Afrika, wenye unaota pia kule Mayombe mu inchi yetu. Wamerikani walikuwa wanatafuta muti wetu.

Rangi zenye tunapata, na tabia yake

Hapa njo watu mingi wanaanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo. Rangi hazikauke zote kwa njia moja.

Glisero, rangi ya mafuta ya milango na madirisha, inakauka kwa kushika hewa. Ya juu inafunga kwanza, ya chini inabakia laini siku mingi, na kama umeipaka nzito, hata majuma. Iko bei nafuu na inapatikana kila fasi ku soko, lakini haikuwe ngumu sana. Gitaa iko kitu cha kushika, cha kulalia mukono, cha kutia jasho. Glisero itabandika, itashika alama ya mukaba. Kama hauna kingine, uipake nyembamba sana, uache siku mbili tatu katikati ya kila mara, kisha utundike gitaa mwezi muzima bila kuigusa. Mutu gani iko na uvumilivu huo? Mimi sikukuwa nao.

Bombe, ile kopo ya kufinya, mara mingi iko na rangi ya akriliki. Inakauka wakati diluani inapanda hewani. Ni nyepesi, inatoka nyembamba, na kwa mutu wa ku nyumba njo njia salama zaidi kati ya zote. Ubaya wake ni kama bombe moja haitoshe. Mwili wa gitaa ni mudogo, pande mbili na pembeni hazifike hata metre kare nusu, lakini unapaswa kupita mara mingi. Uhesabu bombe moja ya rangi ya chini, moja ao mbili za rangi yenyewe, na mbili za verni. Zinunue zote za kampuni moja na za siku moja, juu bleu ya kopo hii haitafanana kabisa na bleu ya kopo ile.

Rangi ya selulozi, ya zamani ya magari, inakauka mbio sana na inangaa muzuri kisha kusuguliwa. Inakuwa njano kidogo na miaka, na baridi inaipasua. Diluani yake ni kali: inayeyusha rangi ingine yenye iko chini. Njo yenye ilikunja gitaa ya kwaya. Mukumbuke sheria hii: selulozi juu ya glisero, hapana kamwe.

Mwisho kuna rangi ya vikopo mbili, yenye fundi wa gari anachanganya na dawa ya kugandisha mbele ya kupiga. Hii haikauke tu, inaganda. Ikisha kuganda hata diluani haiiyeyushe tena. Njo yenye inadumu kuliko zote: jasho, mukaba, safari, haisikie. Magitaa mingi ya fabrika ya leo iko na rangi ya jamaa hii. Lakini ndani ya ile dawa ya kugandisha kuna kitu chenye kinaitwa izosianati. Mvuke wake unaingia mu mapafu na unaweza kuleta asma yenye haitatoka tena maisha yote. Kashne ya hopitali haizuie kitu. Rangi hii haina fasi ku nyumba, ata ku lupango. Mutu mwenye anakuuzishia ku kopo ndogo na kukuambia «utapiga tu inje, hakuna shida», hakutakie mema.

Ukitaka kujua rangi ya zamani ya gitaa yako ni gani, fanya jaribio. Chukua kitambaa kidogo na diluani ya selulozi, usugue fasi yenye haionekane, kwa mufano chini ya kibati cha plastiki. Ikitoka ku kitambaa ao ikilainika, ni rangi ya kukauka tu, na usiipigie kitu kikali juu. Isipotoka, ni rangi yenye iliganda, iko salama kupaka juu yake.

Kazi ya ku nyumba

Mu kazi hii, kupaka ni sehemu ndogo. Kubwa ni kutayarisha.

Toa kamba, kisha piga picha za nyaya na telefone mbele ya kukata kitu. Fungua shingo, mara mingi ni visi nne kwa nyuma. Toa shevale, mikro, vibutoni na fasi ya kuingiza jaki. Kila kundi la visi uliweke mu sashe yake, na kipande cha karatasi chenye kinasema inatoka wapi. Visi za shevale na za kibati zinafanana kwa macho lakini hazina urefu moja. Kuna mutu mwenye alitoboa gitaa yake mupaka upande wa pili kwa kosa hii.

Utaona waya moja wenye unatoka ndani na kuishia chini ya shevale. Ule njo waya wa masi. Unapaswa kugusa chuma. Ukiufunika na rangi, ao ukiuweka juu ya rangi bila kugusa shevale, gitaa italia *mmmmm* kama ile yangu. Uukwangue ncha yake na kisu kidogo mbele ya kurudisha shevale.

Na ule mufuko wa shingo, uuzibe kabisa na skochi ya karatasi, chini na pembeni yote tatu. Rangi yenye nafasi ya kadi ya telefone tu inatosha kuinua ao kuinamisha shingo. Ukipaka mule, gitaa haitasimama tena vizuri.

Sasa, kutosha rangi ya zamani ao kuiacha? Ushauri wangu: kama rangi ya zamani imeshika vizuri, usiitoshe. Rangi ya fabrika ni nene na ngumu, utamaliza emeri na mabega. Uikwaruze tu na emeri ya 320 mupaka isingae tena, fasi zenye zimetoboka uzijaze na masitiki ya muti ao ya gari, usugue iwe sawa, upake juu. Lakini kama imepasuka ao inainuka, basi itoke yote. Usiichome na moto wa mbabula. Rangi za zamani zingine ziko na plomu ndani, na moshi wake ni sumu, zaidi kwa watoto. Ukisugua kavu, uvae kashne, umwangilie vumbi maji, na usifanye kazi ile fasi wanapikia.

Ku muti tupu uanze na emeri ya 120, uende 180, kisha 240, ukifuata kila mara mistari ya muti. Alama yenye haionekane ku muti itaonekana ku rangi, zaidi kama ni nyeusi. Fasi yenye imegongwa na kubonyea, kuna njia ya wazee: weka kitambaa chenye maji juu yake, pitisha pasi. Mvuke unavimbisha muti, na shimo linapanda. Ufanye hivyo mbele ya kufungua kopo yoyote ya diluani, zaidi kama pasi yako ni ya makala.

Wale wenye wanachongesha mwili wa gitaa kwa seremala wa hapa wanapaswa kujua kitu kimoja. Mulombwa, wenye Watanzania wanaita mninga, ni muti muzuri, lakini uko na maji yake mekundu. Ukiupaka nyeupe bila kuufunga kwanza, nyekundu itapanda polepole na nyeupe yako itakuwa kama imetokwa damu. Uufunge na verni ya kuziba mara mbili ao tatu mbele ya rangi nyeupe. Tena muti ukuwe mukavu. Muti wenye umepasuliwa jana utajikunja mwaka ujao, na rangi itapasuka nayo. Mulombwa ni muzito pia. Mupigaji mwenye atasimama saa tatu mu veye ya maombi atakuambia.

Halafu siku. Lubumbashi haina siku mbaya mingi, lakini iko na siku zake. Kutoka mwezi wa kumi na moja mupaka wa tatu hewa iko na maji. Rangi ya kukauka mbio inashika ukungu, inakuwa na weupe kama pumzi ku kioo. Mwezi wa saba, asubui ni baridi sana, rangi inatelemuka mbele ya kushika. Mwezi wa nane na wa tisa kuna upepo, vumbi nyekundu ya barabara zetu, na majivu ya moto wa pori. Wakati muzuri ni mwezi wa ine kumalizika na mwezi wa tano, kutoka saa ine ya asubui, wakati jua imeisha kupasha hewa na upepo bado haujaamuka. Kama kuna ukuta wa kukinga, umwangilie udongo maji mbele ya kuanza, vumbi italala.

Tundika mwili wa gitaa na waya ku tundu la visi vya shingo. Shika bombe mbali kidogo, kama urefu wa mukono wazi kutoka kidole gumba mupaka kidole kidogo, ao zaidi kidogo. Anza kufinya mbele ya kufika ku gitaa, pita kwa mwendo moja, achia kisha kupita. Kila mustari ufunike nusu ya ule wa mbele. Mara ya kwanza usitafute kufunika. Iwe kama vumbi tu. Mutu mwenye anataka rangi ifunike mara ya kwanza njo mwenye anapata machozi, yale matone yenye yanatelemuka. Ikifika hivyo, usiguse. Acha ikauke siku mbili, isugue na emeri ya 400 na maji, endelea.

Kama unaona vitundu vidogo vya mviringo vyenye rangi inakimbia, kuna mafuta ao silikoni. Inatoka ku mikono, ao ku ile dawa ya kungarisha magurudumu yenye watu wanapaka kila kitu. Unapaswa kusafisha tena na kuanza.

Kisha verni, acha juma mbili ao tatu. Unusie: kama bado inanuka diluani, bado haijakauka. Ikisha, emeri ya 1000 na maji yenye sabuni kidogo, kisha 2000, kisha dawa ya kungarisha gari, kitambaa laini na mikono. Pembeni upite polepole, pale njo verni inaisha mbio na rangi inatokea.

Jambo moja la mwisho juu ya ku nyumba, na silisemi kwa mchezo. Mvuke wa diluani unatambaa chini, hauonekane, na unashika moto kutoka mbali. Mbabula yenye inapika bukari upande wa pili wa lupango inatosha. Kandili, sigara, grupu yenye inanguruma ku ukuta, vilevile. Usifanye kazi hii ndani ya chumba chenye watoto watalala. Na ile kopo ya diluani isiwekwe mu chupa ya maji ya kunywa, hata kwa saa moja.

Ku garaji

Fundi wa garaji iko na vitu vyenye wewe hauna: kompresere, pistole, mukono wenye umezoea, na kama ni garaji ya maana, chumba cha kufunga na maski ya kartushi. Kazi ya siku yenu tatu yeye anaimaliza asubui moja. Rangi ya vikopo mbili inapaswa kupigwa na yeye, siyo na wewe.

Lakini gitaa haiko mulango wa Hiace. Fundi wa gari anazoea chuma, hazoee muti. Atapenda kuweka masitiki mingi, juu ku gari njo inaficha mabonyeo. Ku muti, masitiki nene inapasuka. Hajue mufuko wa shingo ni nini, atapiga rangi mule ndani kwa roho muzuri kabisa. Kompresere yenye haitoshwe maji inatema matone mu rangi. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, gitaa yako itangoja na rangi nusu, huku vumbi ya barabara inaingia.

Kwa hiyo ukienda, usipeleke gitaa nzima. Peleka mwili tu, bila shingo, bila waya hata moja, na mifuko yote imekwisha kuzibwa na skochi. Mwambie rangi ya chini ni gani. Uombe rangi nyembamba, siyo «yenye kulinda sana». Uone kwanza gari yenye alipaka mwaka jana, siyo ile ya leo. Ya leo zote zinangaa. Na bei musikilizane mbele, juu ya kazi yote mupaka verni, ili isikuwe kila siku kopo ingine.

Yenye mimi ningefanya

Kwa mutu mwenye iko na gitaa moja ya kujifunzia, na wakati, ku nyumba na bombe ni sawa. Hata ikitoka na kasoro, umejifunza. Kwa gitaa ya kutafutia chakula, ao ya kikundi, ile yenye watu wengi wametoa pesa, ninagawanya kazi. Kutosha vifaa, kusugua, kujaza, kufunga muti, kuziba mifuko: ku nyumba. Hiyo ni kazi ya mikono na uvumilivu, na njo yenye fundi angekulipisha zaidi juu inakula saa zake. Kupiga rangi na verni: ku garaji. Kungarisha na kurudisha vifaa: ku nyumba tena, na kama hauzoee fera ya kusude, utafute mutu mwenye anatengeneza radio.

Tena kuna hesabu ndogo yenye inasaidia. Mwili wa gitaa unakula rangi kidogo sana, kama robo ya litre. Fundi akichanganya rangi ya gari, mara mingi inabakia ile kipimo mu kopo, na ya vikopo mbili ikisha kuchanganywa haiwezi kuwekwa. Itaganda mbele ya magaribi. Ukikubaliana naye kama utangoja siku yenye anapaka gari, na utachukua rangi ya gari hiyo hata kama siyo yenye ulipenda, bei itashuka mingi. Ufike na mwili tayari, usuguliwe, usafishwe, utundikwe pembeni ya gari.

Gitaa ya kwaya ilitengenezwa hivyo. Kutosha ile rangi yote yenye ilijikunja ilinichukua siku tano, na vidole vilitoka damu. Nilingoja tena juma mbili mupaka Hiace moja ifike ku garaji ingine. Haikukuwa nyeupe ya Pasaka. Iko bleu, na kila mara ile Hiace inapita mbele ya kanisa, watoto wa kwaya wanaonyeshana kidole.